Tope la bwawa la dampo: pima chumvi kabla ya kufikiria mbolea

Kiangazi cha Dodoma hukausha haraka bwawa la maji yanayochuja kutoka kwenye taka, na wengi hufurahi wakiona yamepungua. Tatizo ni kwamba jua huchukua maji, si chumvi. Chumvi, chuma na metali nzito hubaki chini, kwenye tope jeusi lenye ukoko mweupe pembezoni. Mvua yetu ni kama milimita 600 kwa mwaka. Chumvi hiyo ikifika shambani, haina cha kuiosha.

Toeni tope kati ya Julai na Oktoba. Koleo la chuma lisiguse sakafu: plastiki ya milimita 1.5 iliyotandikwa hapo huchanika kirahisi, na tundu hujulikana maji ya kisima cha jirani yakishaharibika. Tumieni reki za mbao zenye ukingo wa mpira, msukumie tope kwenye pampu.

Kitanda cha kukaushia kiwe na kokoto sentimita 20, juu yake mchanga sentimita 15 hadi 20. Tope lisizidi sentimita 20. Likizidi, juu hufanya ngozi ngumu na chini hubaki uji kwa wiki nyingi. Maji yanayochuruzika yarudi bwawani, yasielekezwe mtaroni. Tope lenye yabisi asilimia 3 huacha kilo 30 tu kavu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kukausha vizuri kunapunguza sana gharama ya kusomba.

Halafu pimeni. Sehemu moja ya tope kavu lililosagwa, sehemu tano za maji yaliyotoneshwa, tikiseni saa nzima, someni EC (upitishaji umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi). Hapa ndipo watu hukosea: wanalinganisha namba hiyo moja kwa moja na kikomo cha mazao. Mzabibu huanza kupunguza mavuno udongo ukifika 1.5 dS/m (desisiemensi kwa mita, kizio cha EC), mtama 6.8, lakini vikomo hivyo ni vya maji yanayokamuliwa kwenye rojo la udongo ulioshiba. Kipimo cha moja kwa tano husoma chini zaidi, kwa hiyo tope baya huonekana jema. Metali nzito zipelekwe maabara, kwa mfano ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Anayetaka mbolea aitafute kabla ya bwawa, kwenye maji mabichi, kwa sababu amonia hupeperuka kwenye bwawa la wazi lenye joto. Kwa kila kilo 1 ya nitrojeni ya amonia, weka kilo 2.9 za oksidi ya magnesi na kilo 8.2 za asidi ya fosfori ya asilimia 85, ukoroge polepole, pH ibaki 8.5 hadi 9. Kwa hesabu utapata kilo 17.5 za struviti, yaani mbolea ya punje za magnesi, amonia na fosfeti. Msitumie kloridi ya magnesi: inaacha takriban kilo 5 za kloridi majini, nasi tunahangaika na chumvi tayari. Kalisi ikiwa nyingi, itanyakua fosfeti. Badala ya punje zinazong'aa mtaona unga wa maziwa usiotuama. Ipunguzeni kalisi kwanza. Fosfeti ni ya kununua, kwani maji haya huwa nayo kidogo sana, hivyo tuione njia hii kama ya kuondoa amonia kuliko biashara. Kuuza kunahitaji usajili wa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea Tanzania.

Tope lililobaki lirudi dampo, kwenye seli (shimo la kufukia taka) yenye plastiki. Matofali? Hapana: chumvi itachanua ukutani.

Struviti ianikwe kivulini. Juu ya bati la Oktoba, joto likipita nyuzi 50 inapoteza amonia ileile mliyoihangaikia.