Maswali ya Wasomaji: Gdańsk au Danzig?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwongoza watalii wa hapa Moshi. Hivi karibuni nilipanda mlima na mgeni mmoja mzee kwa njia ya Marangu. Tulipokuwa tukinywa chai Mandara aliniambia kwamba kwao ni Gdańsk, mji wa bandari nchini Polandi. Nikataka ajue kuwa naufahamu, nikasema, “Aa, Danzig!” Aliweka kikombe chini, akanisahihisha kwa upole, kisha hakuzungumza tena hadi chakula cha jioni. Je, nilimkosea? Na imekuwaje mji mmoja ukawa na majina mawili?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, hukumtukana mgeni wako, ila uligusa kidonda bila kukusudia, na ni vema ukielewa kidonda hicho kilipo.

Danzig na Gdańsk si kama Wilhelmsthal na Lushoto, ambapo mtawala wa Kijerumani alikuja na jina lake akalibandika juu ya mahali palipokuwa na watu wake. Ni jina moja lililopita katika vinywa viwili. Maandishi ya Kilatini yanayosimulia maisha ya Mtakatifu Wojciech, aliyepita hapo mwaka 997, yanautaja mji huo kuwa Gyddanyzc. Katika matamshi ya Kijerumani ile G ya mwanzo ilidondoka, ikabaki Danzig, na kwa karne nyingi hivyo ndivyo wenyeji wengi wa mji walivyouita.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakidhani kwamba aliyesema Kijerumani lazima alikuwa mtu wa Ujerumani. Mji huo ulitekwa mwaka 1308 na Shirika la Kiteutoni, watawa wa Kijerumani waliobeba silaha. Mwaka 1454 wenyeji, ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye kusema Kijerumani, waliasi dhidi ya watawa hao, wakaibomoa ngome yao, wakaenda kuomba ulinzi wa mfalme wa Polandi. Mfalme Kazimierz aliwapa haki kubwa za kujitawala, pamoja na taji la kuweka juu ya misalaba miwili ya nembo yao, na taji hilo lipo kwenye nembo ya mji hadi leo. Mwaka 1734 walivumilia kuzingirwa na jeshi la Urusi kwa sababu walimhifadhi Stanisław Leszczyński, waliyemtambua kuwa mfalme halali wa Polandi. Prussia, ufalme wa Kijerumani, ilipouchukua mji mwaka 1793, mfanyabiashara mmoja aliona ni afadhali kuhama na familia yake kwenda Hamburg kuliko kuishi chini yake. Mwanawe mdogo alikuwa Arthur Schopenhauer, yule mwanafalsafa. Mimi huwastahi sana watu hao, ambao lugha yao ilikuwa ya nyumbani na utii wao ulikuwa kwa mji wao.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia mji ulifanywa Mji Huru wa Danzig chini ya Shirikisho la Mataifa, chombo kilekile kilichoikabidhi Uingereza Tanganyika yetu. Ulikuwa na fedha yake, gulden, na stempu zake. Hitler aliudai, na alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939 meli ya kivita ya Ujerumani iliishambulia Westerplatte, kituo kidogo cha askari wa Polandi kwenye mdomo wa bandari hiyo. Mwaka 1945 katikati ya mji palikuwa kifusi. Wajerumani walikimbia au wakafukuzwa, na nyumba zao zikaingiwa na Wapolandi, wakiwemo wengi waliopoteza makwao mashariki, katika ardhi iliyochukuliwa na Urusi ya Kisovieti. Msiba huo wa mashariki unatuhusu hata sisi, kwani wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 waliohifadhiwa Tengeru wakati wa vita walitoka hasa sehemu hizo, na makaburi ya waliofia huku bado yanatunzwa.

Kwa mzee wa umri wa mgeni wako, basi, neno Danzig linaweza kuleta sauti ya mizinga, na linaweza pia kusikika kama dai kwamba nyumba aliyokulia si yake. Safari nyingine sema Gdańsk, na ile ń uitamke kama “ny” yetu katika “nyanya”, lakini bila irabu baada yake.

SWALI: Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne ameandika katika insha kwamba Hitler aliutaka “mji wa Gdańsk”. Mwenzangu anasema hilo ni kosa, kwani kitabu kinasema Danzig. Nisahihishe vipi?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, fuata mwaka. Kati ya 1920 na 1939 jina rasmi lilikuwa Danzig, na ndilo linalofaa hapo. Kwa mgomo wa Agosti 1980 katika kiwanda cha meli, uliozaa chama cha wafanyakazi cha Solidarność kikiongozwa na Lech Wałęsa, Danzig lingekuwa kosa kabisa. Kwa karne za wafalme wa Polandi mimi huandika yote mawili. Hata hivyo, mwanafunzi wako ametumia jina ambalo mji unalo leo na hajapotosha tukio. Mwandikie pembeni “wakati huo: Danzig”, lakini usimpunguzie alama.