Mwanangu ana mzio wa karanga: nifanyeje usiku wa Halloween?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwaka jana tulihamia Columbus, Ohio, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Oktoba 31 watoto wa huku huvaa mavazi ya ajabu ajabu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Wangu ni watatu, wa miaka 3, 7 na 11, na wote wanataka kwenda. Wa katikati ana mzio wa karanga na hospitali ilitupatia sindano zake za dharura. Jirani ananitisha kwamba watu hutia sumu na nyembe ndani ya pipi. Nitazikaguaje? Halafu mkubwa anadai lenzi za macho ya paka. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mama, na poleni na ugeni. Nianze na maneno ya jirani yako, kwa sababu hofu ya sumu inawafanya wazazi wengi wakodolee macho mfuko wa pipi huku hatari yenyewe ikipita barabarani.

Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amezifuatilia habari hizi kwa miongo mingi, akirudi nyuma hadi mwaka 1958. Hajapata mtoto hata mmoja aliyethibitika kuuawa au kuumizwa vibaya na pipi iliyotiwa sumu na mtu baki. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Texas, mwaka 1974, ambapo mtoto wa miaka 8 alikufa kwa sianidi, sumu kali. Aliyeitia alikuwa baba yake mzazi. Kwa hiyo kagua, lakini usikeshe: pipi iliyofunguka, iliyotoboka au iliyofungwa upya kwa mkono itupe, basi.

Kazi kubwa ya ukaguzi ni kwa ajili ya huyo wa miaka 7. Kwake chokoleti ya kawaida kabisa, iliyotolewa kwa moyo mweupe, ndiyo sumu. Sheria ya Marekani inataka vyakula vya paketi vitaje vitu 9 vinavyoleta mzio zaidi, karanga zikiwemo. Ufuta uliongezwa Januari 2023. Geuza paketi utafute neno «peanut», iwe kwenye orodha ya viungo au baada ya neno «Contains». Ukiona «may contain peanut», maana yake karanga huenda zimegusana na pipi hiyo kiwandani, nayo usimpe. Onyo hilo la pili ni la hiari, kampuni hailazimiki kuliandika, kwa hiyo kutokuwepo kwake si cheti cha usalama.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazazi wazoefu. Vipande vidogo vya Halloween mara nyingi havina maelezo, kwa sababu maelezo yamebaki kwenye mfuko mkubwa vilimotolewa. Na kipande kidogo kinaweza kuwa na viungo tofauti na kile kikubwa cha jina lilelile ambacho mwanao amezoea kula. Kisicho na maandishi, mtoto huyu asikile. Nunua mapema pipi unazozijua, mbadilishane nyumbani moja kwa moja, asije akahisi ameadhibiwa. Ukiona boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani barazani kwa mtu, mpeleke hapo bila wasiwasi: ni alama kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kama penseli au vibandiko.

Sindano mtoke nazo zote mbili, ziwe mfukoni kwako, zisiachwe garini kwenye baridi. Midomo ikivimba, akianza kukohoa, sauti ikikwaruza, akitapika tena na tena au akilegea, usisubiri uone itafika wapi. Mchome paja upande wa nje, hata juu ya nguo, kisha piga 911, simu ya dharura. Mlaze miguu ikiwa juu. Kama anahema kwa shida, mwache akae. Baada ya dakika 5 hadi 15 bila nafuu, mchome ya pili. Hata akipata nafuu aende hospitali, kwa sababu mzio unaweza kurudi saa chache baadaye. Vidonge vya kuzuia kuwashwa havichukui nafasi ya sindano hiyo. Nimewahi kumsikiliza mama aliyeanza na vidonge akingoja, na bado naisikia sauti yake.

Sasa barabara. Watafiti waliochambua ajali za Marekani kuanzia mwaka 1975 hadi 2016 walikuta kwamba jioni ya Oktoba 31 hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari inazidi kwa asilimia 43, ikilinganishwa na jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ilikuwa karibu mara 10. Hatari ilikuwa kubwa zaidi mnamo saa 12 jioni. Columbus muda wa kuzunguka mara nyingi ni saa 12 hadi saa 2 usiku, na siku hiyo jua linazama kama saa 12 na nusu, yaani mtaanza safari pale pale pabaya. Basi kila mtoto awe na tochi, vazi libandikwe utepe unaong'aa ukimulikwa, lisiburute chini. Badala ya barakoa inayoziba macho, mpake rangi usoni, ukiwa umeijaribu mkononi siku moja kabla. Maliza upande mmoja wa mtaa ndipo mvukie wa pili, penye kivuko. Hata huyo wa miaka 11, mwaka huu wa kwanza, asiende bila mtu mzima.

Mdogo wa miaka 3 asipewe pipi ngumu, bisi wala karanga, atapaliwa. Makanisa mengi huku hugawa pipi kwenye uwanja wa maegesho, watoto wakipita gari hadi gari zilizoegeshwa. Ningekuwa wewe, yeye ningempeleka huko. Na wote wale ugali wao washibe kabla ya kutoka, ndipo watakapoweza kungoja ukaguzi.

Lenzi, hapana. Marekani hata lenzi za urembo haziuzwi kihalali bila cheti cha daktari wa macho, na zile zinazonunuliwa dukani kirahisi zinaweza kukwaruza mboni, kidonda kikaingia vijidudu, mtoto akapofuka. Mchoree macho ya paka kwenye kope.

Jambo moja hukuliuliza. Tangu Desemba 2023 bangi ni halali Ohio kwa watu wazima, na inauzwa hata kama pipi laini zinazofanana na za watoto. Simu kwa vituo vya ushauri kuhusu sumu kwa ajili ya watoto chini ya miaka 6 waliokula vitu hivyo zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021, na wengi walivikuta nyumbani. Dalili huweza kuchelewa saa moja au mbili: usingizi mzito, kuyumba, kulegea. Ukishuku, pigia vituo hivyo, 1-800-222-1222, usiku au mchana, bila malipo. Ukipokelewa taja neno moja tu, «Swahili», nao watakutafutia mkalimani. Lakini kama hapumui vizuri au haamki, piga 911 kwanza.