Kitufe kisiwe ufunguo wa HashMap yako

Nikipitia code za apu za watu hili nakutana nalo sana, mtu ana vitufe kadhaa kwenye skrini, anataka kujua kila kimoja ni cha bidhaa gani, basi anatengeneza HashMap (mapu inayohifadhi thamani, kila moja na ufunguo wa kuitafutia) ambayo ufunguo wake ni kitufe chenyewe, kazi imeisha. Android haikukatazi, View (kitu chochote cha kwenye skrini, kitufe kikiwemo) inatumia equals na hashCode za Object, yaani zile za kawaida zinazoangalia kama ni kitu kilekile, kwa hiyo vitufe viwili havichanganywi hata vikifanana kila kitu. Shida inaanza mtu akiitumia apu.

Chukua apu ya kuagiza chakula, listi iko kwenye RecyclerView, ile ya Android inayotumia View zilezile upya ukishusha listi. Mteja anaongeza chapati mpaka 3 halafu anashusha listi, ile View ya chapati ikipotea juu haitupwi, inarudishwa chini ikiwa na jina la sambusa. Mapu yako bado inajua kitufe kile kina 3, mteja anaonyeshwa sambusa 3 ambazo hajaziagiza, na hapo tunaongelea hela ya mtu jamani. Ufunguo uwe ID ya bidhaa, View kazi yake ni kuonyesha tu.

Halafu kuna kugeuza simu. Kwa kawaida Activity (skrini ya apu) inaundwa upya, View zote ni mpya, ukiita get kwa kitufe kipya unapewa null, yaani hakuna kitu. Na kama mapu ni static, yaani inaishi muda wote apu iko hai, ndo mbaya zaidi, inang'ang'ania View za zamani, nazo zimeshika Context, ambayo hapa ni ile Activity ya zamani, kwa hiyo Activity nzima inabaki kwenye memori, weka LeakCanary, zana ya kutafuta memori inayovuja, utaiona.

Wengi hapo wanakimbilia WeakHashMap, mapu isiyong'ang'ania ufunguo ambao hakuna mwingine anayeutumia. Sawa, ila inalegeza ufunguo peke yake, thamani uliyoweka ikiwa inaigusa View ileile hakuna kitakachoachiwa. Hata Android yenyewe ilikuwa na hii kitu, zamani setTag (ya kubandika data kwenye View) ile ya kupewa ufunguo ilikuwa inahifadhi kwenye WeakHashMap ya static na memori ikawa inavuja, mpaka toleo la 4.0 mwaka 2011 ndo data hizo zikahamia ndani ya View. Kwa hiyo skrini ikiwa na vitufe vichache visivyobadilika tumia setTag bila wasiwasi.

Wa iPhone, kwenye Objective-C hufiki mbali, NSMutableDictionary (mapu ya huko) inakopi ufunguo na UIButton, yaani kitufe, haikopiki, apu inakrashi pale pale na ujumbe wa copyWithZone. Swift inakubali kwa sababu UIView inatokana na NSObject, ambayo tayari inaweza kuwa ufunguo, lakini dictionary inakishika kitufe kwa nguvu, hakitoki kwenye memori mpaka ukiondoe mwenyewe au dictionary yenyewe ifutwe. Kama lazima iwe View, chukua NSMapTable yenye funguo za weak (zisizong'ang'ania kitufe), ipo toka iOS 6. Ila kwenye UITableView (listi ya iPhone) usijaribu kabisa, seli zinazunguka vilevile kama kule RecyclerView, tumia ID.