Maswali ya Wasomaji: Kutayarisha Uwanja wa Mzingile

Swali: Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni kikundi cha kina mama hapa Ahero, na nyuma ya nyumba yetu ya mafungo pana uwanja wa nyasi wa mita 16 kwa 16. Tunataka kuweka mzingile wa mawe wa kutembea kwa sala, kama ule wa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Udongo wetu ni mweusi, hupasuka kiangazi na kunata mvua ikinyesha. Tuanzie wapi?

Jibu: Mama, nakushukuru kwa kuutaja udongo, maana wengi wanaoniandikia hutumia miezi wakichagua mchoro na hawakumbuki kinachoukalia. Wasomaji wengine waelewe kwamba mzingile unaozungumzwa hapa si ule wa njia panda unaompoteza mtu, bali ni wenye njia moja inayozungukazunguka hadi kitovuni, na ndiyo hiyo hiyo ya kurudia. Ule wa Chartres ni wa karne ya 13, una mizunguko 11 ndani ya upana unaokaribia mita 13, na njia yake ni nyembamba, kama sentimita 34 hivi. Tena umo ndani ya jengo, juu ya sakafu ya mawe, kwa hiyo waliouweka hawakusumbuliwa na mvua ya masika. Kwenu ningeshauri mchoro wa kale wa mizunguko saba: njia ya sentimita 60 na mstari wa mawe wa sentimita 15 hutoa mzingile wenye upana wa mita 12 hivi, na mzee mwenye mkongojo atapita bila kujikwaa.

Sasa uwanja. Udongo wa tambarare ya Kano, ule mafundi wanaouita blakikotoni, hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, na mwendo huo hausimamishwi na saruji. Sakafu nyembamba ya zege juu yake itapasuka kabla hamjaizoea. Kosa ninaloliogopa zaidi, hata hivyo, ni kuchimba. Fundi atakwambia aondoe udongo mbaya sentimita 30 kisha ajaze mzuri, lakini mkichimba shimo katika udongo usiopitisha maji, na maji hayana pa kutokea, mmejichimbia bwawa. Ondoeni nyasi na mizizi tu, sentimita 10 hivi, na sangari mwing'oe kwa fokojembe badala ya kuikata kwa panga, kwani kipande cha mzizi kilichobaki huchipua tena katikati ya njia. Kisha inueni uwanja juu ya ardhi iliyouzunguka kwa maramu.

Kwa duara la mita 14, yaani mzingile pamoja na mita moja ya ukingo pande zote, unene wa wastani wa sentimita 15 ni maramu ya mita za ujazo 23 hivi ikishashindiliwa. Agizeni karibu 29, kwa kuwa iliyoletwa na lori bado imelegea. Imwageni kwa matabaka mawili, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo, si ya kutiririka, kisha lishindiliwe mpaka kisigino kisiache alama. Kitovu kiwe juu ya ukingo kwa sentimita 14, ambayo ni sentimita 2 kwa kila mita. Kipimo hicho hakihitaji mashine: bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, likijazwa maji, hutoa usawa barabara kutoka kigingi hadi kigingi. Nje ya ukingo chimbeni mtaro unaoelekea upande wa chini wa kiwanja, usielekee kwa jirani.

Jambo moja husahaulika hata na wanaofuata haya yote. Mistari ya mawe iliyopangwa kwa mviringo ni vikuta vidogo, na kila kimoja kitazuia maji yanayoshuka kutoka kitovuni. Acheni nafasi ya upana wa vidole viwili kati ya jiwe na jiwe.

Kazi hii ifanyeni Januari na Februari. Masika yatakayofuata, kuanzia Machi, yapite juu ya maramu tupu. Mahali patakapobonyea patajazwa kwa toroli moja au mbili, jambo ambalo ni rahisi kuliko kung'oa mawe yaliyokwisha kupangwa. Mawe yaje Juni. Na kama pana mkaratusi karibu na uwanja, usogezeni mzingile mbali nao kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa kuwa mizizi yake hunyonya maji na kuzidisha nyufa.

Swali: Je, sisi wa Nakuru, wenye udongo mwepesi wa majivu ya volkeno, tufuate utaratibu huo huo?

Jibu: Sehemu kubwa hapana. Udongo wenu hupitisha maji upesi, kwa hiyo hamna haja ya kuinua uwanja; ulowesheni, mshindilie, mtandaze maramu ya sentimita 7 hivi. Ila kagueni kwanza kama pana ufa au mbonyeo uliojitokeza baada ya mvua kubwa. Ukiwapo, msiujaze na kuendelea: tafuteni mahali pengine.