Picha la kijijini ambalo mwisho wake unajulikana: kwa nini mimi na mama hatulichoki

Mkuu, umeuliza mkeo anapata nini kukaa saa tatu mbele ya picha la mapenzi la Kihindi, wakati hata wewe kwa kupita tu sebuleni umeshajua steringi atampata binti. Nikujibu kwa lile ninalolijua vizuri, Dilwale Dulhania Le Jayenge la mwaka 1995. Nimeliangalia mara nyingi kuliko picha lolote, na nikilikuta linaanza mahali siondoki.

Nilikulia Singida. Televisheni huku Bara zilianza 1994, na mtaani kwetu nyumba yenye deki ilikuwa moja, ya dereva wa lori aliyekuwa akirudi na mikanda kutoka Dar. Watoto tulikaa mkekani mbele, akina mama nyuma na nyungo zao wakichambua mchele. Kihindi hakuna aliyekijua, na wala hakikutusumbua. Raj na Simran wanaishi London, wanakutana safarini Ulaya, wanapendana. Kumbe baba yake Simran alishamwahidi rafiki yake wa Punjab, kwao India, kwamba binti ataolewa na mwanawe. Familia inarudi kijijini kwa ajili ya harusi, Raj anafuata nyuma. Hapo kila mtu pale mkekani alishajua mwisho.

Halafu likaja lile shamba. Simran anasikia ala ikipigwa, anatoka mbio, na mbele yake ni njano tupu mpaka macho yanapoishia, Raj amesimama katikati. Akina mama waliacha mchele, wakaanza kubishana ni zao gani. Kwetu alizeti ikichanua, kuanzia mwezi wa tatu hivi, shamba linakuwa hivyohivyo. Baadaye sana ndiyo nikajua kuwa ile ni haradali, wanaipanda kuanzia Oktoba, inachanua kwenye baridi, na mbegu zake wanakamua mafuta kama sisi na alizeti yetu. Siku ile niliona tu kwamba mahali panapofanana na shamba la baba yangu panaweza kuwa mahali pa mapenzi makubwa namna ile. Sikuwahi kuliona shamba letu kwa macho hayo.

Sasa kuhusu kujua mwisho. Picha lenye siri linakukimbiza, akili yote iko kwenye nani kaua. Hili limeshakuambia, kwa hiyo macho yanatulia na yanaanza kuona. Mfano ni yule baba, Baldev Singh, aliyeigizwa na Amrish Puri. Mara za kwanza niliona mzee mkali tu. Labda mara ya tano ndiyo nikamtazama vizuri pale mwanzoni kabisa, alfajiri, amesimama peke yake London akiwalisha njiwa huku akili yake iko Punjab. Mbele huko, akiwa kijijini, anawalisha tena njiwa, na Raj anaamka mapema kwenda kuwalisha pamoja naye. Anamtafuta mzee kupitia kile anachokipenda. Ningekuwa na wasiwasi wa mwisho, hilo lingenipita.

Na kuna jambo ambalo picha hili linalishikilia kweli: Raj anakataa kutorosha binti. Kwa hiyo swali si kama atampata, ni kama mzee atamwachia mwenyewe kwa mkono wake. Pale stesheni, treni imeshaanza kuondoka, wengi wanamwangalia Raj mlangoni. Mimi naangalia vidole vya baba kwenye kifundo cha mkono wa binti. Najua vitaachia, na bado nabana pumzi.

Siyo kwamba kila kitu ni kizuri. Yule mchumba wa kijijini wamemchora mbaya mno, hata ushindani hakuna. Na pale Uswisi Raj anapomdanganya Simran asubuhi kwamba usiku walilala pamoja, halafu anasema ni utani, sijawahi kupapenda. Ila kuna jumba la sinema Mumbai, Maratha Mandir, mwishoni mwa 2014 lilitimiza wiki 1,000 likiwa linalionyesha. Wale watu hawakuwa wakiingia kujua litaishaje.

Mwaka jana mama alikuja kukaa kwangu Dar kwa matibabu ya mguu. Jioni nikamuuliza tuangalie nini, akataja hilohilo. Pale Raj anapomsindikiza Simran kwa macho stesheni, akijisemea kwamba kama anampenda atageuka, mama akaanza kunong'ona, "Subiri. Subiri. Haya, sasa," na binti akageuka. Alifurahi kama anaona leo.

Safari hii kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, nikawa namtafsiria. Tukafika pale mama yake Simran anapomkalisha binti na kumweleza kwamba yeye aliachishwa shule ili kaka zake wasome. Kwamba aliapa binti yake hatapitia hayo, na sasa ameona mwanamke hana haki hata ya kuapa. Nikatafsiri polepole. Mama yangu aliishia darasa la nne, wajomba zangu wawili wakaendelea. Nyumbani hilo huwa halizungumzwi.

Alinyamaza, kisha akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Tukaangalia tena, mara hii sikutafsiri kitu.

"Nilijua ndiyo anachosema," akasema. "Tangu kule kwenye deki nilijua."

Leo mkeo akiweka lake, kaa naye, mkuu. Muulize ni sehemu gani huwa anaisubiri.