Panya kijijini: kabla hujanunua hiyo sumu kali

Mkuu umeuliza sumu gani kali ya panya maana wanamaliza mahindi kule kwa wazazi na wameshatoboa mpaka magodoro. Mimi nilianza na swali hilo hilo 2019, kwetu ni Kilosa, mahindi tulikuwa tunaweka darini juu ya jiko yapate moshi, usiku kishindo huko juu hulali.

Nikanunua mnadani ile sumu ya vikaratasi isiyo na maandishi yoyote, nikachanganya na dagaa. Asubuhi nikakuta panya wanne na paka wa mama, na paka mwenyewe alikuwa na mimba. Mama hakunigombeza, alikaa kimya tu siku nzima. Baada ya wiki mbili panya wamejaa kuliko mwanzo maana wa kuwakamata hayupo tena, na humo ndani kulikuwa na mtoto anatambaa, mpaka leo nikikumbuka wale dagaa nilivyowaacha chini mwili unanisisimka.

Kilichosaidia ni kuwanyima msosi na njia. Mahindi tulishusha, tukapukuchua, yakakauka vizuri tukatia kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Yale magunia yenye nailoni ndani yanazuia dumuzi ila panya anatoboa. Kama mna kihenge cha nje kiwe juu kama mita 1 na kila nguzo ivishwe bati la duara asiweze kupanda, na tawi la mwembe linalogusa paa kata hata kama mzee atalalamika. Matundu ziba kwa stilwaya ya kusugulia sufuria halafu saruji juu yake, hata tundu la kuingia kalamu usiliache, vile vipanya vidogo vinapita.

Mitego nunua hata kumi, mmoja haukusaidii kitu. Panya anatembea kando ya ukuta kwa hiyo mtego ukae ukutani, upande wa chambo ndo uguse ukuta. Siku mbili tatu za kwanza weka chambo bila kutega wazoee, wale wa darini wanaogopa kitu kigeni, halafu tega yote usiku mmoja. Sisi nazi ya kuchoma ilishinda dagaa. Na ongea na majirani mtege pamoja, sisi tulipotega peke yetu mwezi haukuisha wakarudi kutoka kwa jirani.

Bundi akitua msimfukuze kwa mawe jamani, anakula panya usiku kucha.

Mzoga usishike kwa mkono, vaa mfuko wa plastiki uzike, na mavi yao lowesha kwanza kwa maji ya jiki ndo ufute, usifagie makavu. Ukiona panya wanakufa hovyo bila mtu kuwatega toa taarifa zahanati haraka, Lushoto tauni ilianza kusumbua watu 1980 na inaletwa na viroboto wanaomhama panya aliyekufa.

Ukilazimika kutumia sumu basi iwe ya dukani yenye lebo, ndani ya boksi la kufungwa ambalo mtoto na kuku hawafikii. Hizo nyingi panya hafi siku hiyo, ni siku 3 mpaka 5, usiongeze dozi ukidhani imegoma.

Nyumba ya wazee ni ya tofali au ya udongo? Ya udongo wanachimba chini ya msingi, niambie nikueleze tulivyofanya kwa bibi.