Mama mkwe mtarajiwa anaogopa vidole vya mama yangu

*Shangazi, nina miaka 26, nashona nguo hapa Tanga. Mama ana baridi yabisi. Alijichua mafuta miaka mingi kabla ya kwenda hospitali, sasa vidole vimepinda, hata kanga hawezi kuifunga. Posa imeletwa, lakini mama wa mchumba wangu anasema ukoo wetu una maradhi ya viungo, wajukuu wake watayarithi. Mchumba kanyamaza. Nimekonda kwa mawazo, hata sigara nimeirudia. Je, na mimi nitaugua?*

Pole, mwanangu. Mtu harithi baridi yabisi kama anavyorithi pua ya baba yake. Wala si kama selimundu, ambayo mtoto akipewa jeni yake na wazazi wote wawili huzaliwa nayo. Hapa jeni ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu. Watazame mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile: mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui, wanaougua wote ni kama jozi 15 katika 100. Wewe si pacha wa mama yako, ni mtoto wake tu. Hatari yako imezidi ya jirani yako, sikufichi, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaugui kabisa.

Ila kwanza uliza kliniki mama ana ugonjwa gani hasa. Sisi kila goti la mzee tunaliita baridi yabisi, na baridi yenyewe wala haihusiki. Mimi nimejibu nikidhani ni ule wa kinga ya mwili kushambulia viungo.

Kama ndio huo, sigara uliyoitaja juu juu imenitia hofu kuliko ukoo wako. Moshi wa tumbaku huuchochea ugonjwa huu, hasa kwa mwenye jeni za kuuelekea. Iache, mwanangu, na fundi anaihitaji mikono yake. Ukiona vidole vimevimba, asubuhi vimekaza zaidi ya nusu saa, na hali hiyo imeendelea kwa wiki kadhaa, nenda hospitali mapema. Dawa zikianza miezi ya mwanzo, viungo vingi huokolewa visipinde. Mama yako alichelewa.

Mama mkwe simlaumu sana, anaogopa asichokijua. Anayenikera ni huyo aliyenyamaza. Msomee barua hii, kisha umwulize kabla mahari haijapokelewa: siku ukiamka vidole vimekaza, atakufunga kanga, au atakukumbusha maneno ya mama yake? Akijibu, niandikie.